Nusu ya Somo

Katika shule ya serikali ninayofundisha tuko walimu kumi na wanane, na hakuna hata mmoja mwenye mtoto anayesoma pale. Wa mwalimu mkuu wako bweni, huko njia ya Masaka. Wa mwalimu wa sayansi, ambaye kila kukicha analalamika kwamba mshahara hautoshi, huchukuliwa na basi la shule lililopakwa rangi ya manjano, na basi lenyewe hupita mbele ya geti letu asubuhi wakati tunapanga watoto mstarini. Mtoto humpungia baba yake mkono. Sisi wengine hujifanya tunatazama bendera.

Mimi sikubishana na nafsi yangu hata siku moja. Binti yangu alipofika umri wa kuanza shule, nilijua sitamleta kwetu. Nilijua darasa lina watoto tisini, nilijua vyoo, na zaidi ya yote niliwajua walimu, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nikampeleka shule ya binafsi, na alipoingia darasa la tatu nikamweka bweni, kama wanavyofanya wazazi wote wa Kampala wanaotaka waonekane wanajali.

Kila mwisho wa muhula shule ile hututumia barua. Wanatusalimu kwa jina la Mungu, wanatushukuru kwa ushirikiano wetu, halafu aya ya tatu ndiyo yenye kisu: kutokana na gharama za maisha, ada imepanda kidogo. Ni kidogo kila mara. Ikafika mahali nikawa naanza kuisoma barua kuanzia aya ya tatu, na hizo salamu naziacha kwa siku ambayo moyo utakuwa umetulia. Mume wangu ni dereva wa lori, njia ya Juba, na pesa zake huja zinapojisikia kuja. Ada ilikuwa juu yangu.

Nililipaje basi? Hapo ndipo aibu yangu ilipo, na niiseme moja kwa moja. Nililipa kwa kochingi. Hayo ni masomo ya ziada, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla kengele haijalia, kwa watoto wa darasa la saba wanaojiandaa kwa mtihani wa kumaliza msingi. Wizara imeyakataza, na kila mtu anayafanya. Mzazi analipa mkononi mwa mwalimu, mtoto anaandikwa kwenye orodha, basi.

Lakini kochingi haiuziki kama somo la darasani limekwisha. Nani atalipia alichokwisha kupewa bure? Kwa hiyo nilijifunza kufundisha nusu. Nikifika kwenye hesabu ngumu, zile za gari moja linatoka huku na jingine linatoka kule na unaulizwa yatakutana wapi, nilikuwa nafanya mfano mmoja mwepesi ubaoni, nafuta, nasema tumeishiwa na muda. Zile ngumu zenyewe nilizifundisha asubuhi, kwa walio kwenye orodha. Sikuona kama ni wizi. Nilijiambia kwamba serikali inanilipa nusu, nami nafundisha nusu, hapo hakuna anayemdai mwenziwe. Nilikuwa na ulimi mzuri wa kujitetea, na bado ninao.

Kwenye darasa langu mwaka ule kulikuwa na msichana wa Kikongo. Mama yake alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja Nateete, mwanamke mrefu, mpole, aliyetoka upande wa Bukavu na watoto wawili wa kike na nguo alizokuwa amevaa. Huyu mkubwa alikuwa na akili ya hesabu ambayo mwalimu huipata mara chache maishani. Akiuliza swali, lazima uweke chaki chini ufikirie. Masista wa shule moja ya sekondari walikuwa wameahidi kumchukua bure, chakula na kitanda, kwa sharti moja: apate daraja la kwanza. Akikosa, hakuna. Mama yake hakuwa na njia nyingine, na alinieleza hivyo mwenyewe, amesimama mlangoni mwa darasa na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni.

Tuliongea Kiswahili. Mimi nilikulia kwenye nyumba za polisi Nsambya, ambako Mnubi na Mwacholi na Mteso wote waligombana kwa Kiswahili, nacho kimebaki kuwa lugha ya moyo wangu hata kama mjini wanakiona ni lugha ya askari. Nadhani alinipenda kwa sababu hiyo.

"Mama mwalimu," akasema, "mie sina franga ya kochingi. Lakini niko na mashini. Kama uko na kazi ya kushona, nitashona, na mutoto asome."

Nilikuwa na kazi. Binti yangu alihitaji magauni mawili mapya ya shule, ya mirabamiraba ya kijani na nyeupe. Barua ya shule ilikuwa imesema wazi, kwa herufi nzito, kwamba sare zinunuliwe stoo ya shule tu. Bei ya stoo ilikuwa ya kukufanya uketi chini. Nikajipa moyo kwamba hakuna atakayejua. Nikampa fundi gauni la zamani alitazame, yeye akaenda soko la Owino kutafuta kitambaa, akakipata cha rangi ileile. Mfukoni akatarizi nembo ya shule kwa mkono, uzi kwa uzi, mpaka tawi dogo la majani lililo kwenye nembo likatokea vilevile. Nilipoyaweka magauni hayo mezani pamoja na lile la zamani, sikuweza kuyatofautisha. Sikumwambia fundi kuhusu herufi nzito. Msichana wake akaingia kwenye orodha yangu ya asubuhi, akakaa mbele kabisa.

Siku ya kurudi bweni ikafika. Wanaoijua siku hiyo wanajua: foleni ya wazazi na masanduku ya bati, mafagio, karatasi za choo, rimu za karatasi, kila kitu kinatolewa na kukaguliwa mezani mbele ya watu. Matroni alitoa gauni la kwanza, akalisifu, halafu akageuza kola. Alikuwa anatafuta lebo ya stoo. Akageuza la pili. Akaniambia kwa Kiingereza cha upole, lakini si cha sauti ndogo, kwamba haya hayaruhusiwi, na kwamba niliandikiwa. Nyuma yangu kulikuwa na mama mwenye gari kubwa na miwani kichwani, akaanza kutazama simu yake kwa bidii sana. Binti yangu aliinamisha kichwa.

Askari wa geti, aliyekuwa akiwabebea watu masanduku, akaninong'oneza: "Mama, usigombane na hawa. Enda stoo tu nunua, mwisho watakuuzia." Nikaenda stoo. Pesa niliyonunulia ilikuwa ya kodi ya nyumba. Nikarudi nyumbani na magauni mawili ya fundi ndani ya mfuko wa plastiki, nina hasira ya kuuma mtu.

Kesho yake nilimkabidhi msichana wa fundi mfuko ule. "Mwambie mama yako nguo zimekataliwa," nikasema. Jioni hiyohiyo fundi alikuja, anahema.

"Fasi gani iliharibika? Unionyeshe, nione na macho yangu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa sentensi moja tu: kazi yako haina kasoro, kosa ni langu, nilikatazwa na nikajaribu bahati yangu kwa jasho lako. Nilimtazama nikasema, "Mishono. Ya mabegani. Haikunyooka."

Akalichukua gauni, akalipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole begani polepole, mbele na nyuma.

"Mie nashonaka tangu niko mutoto," akasema mwishowe. "Lakini unisamehe, mama mwalimu. Pengine ni macho yangu inaanza kuchoka."

Na mimi nikamsamehe. Nilitikisa kichwa kwa ukarimu, nikamwambia hakuna neno. Nikikumbuka kile kichwa changu kilivyotikisika, najichukia kuliko ninavyojichukia kwa uongo wenyewe.

Wiki ile nilimtoa msichana kwenye orodha. Nilikuwa nimepungukiwa na kodi, mzazi mwingine alikuwa na pesa taslimu na mtoto wake alihitaji kiti, na nilijiambia kwamba makubaliano yalikuwa ya magauni, na magauni hayakunifaa. Siku ya nne fundi akarudi. Alikuwa ameyafumua yote mawili, akayashona upya, akayapiga pasi mpaka yakasimama yenyewe. Nikamshukuru, nikayapokea. Aliponiuliza kama mtoto arudi asubuhi, nikasema nitaona. Sikuona. Yale magauni niliyauza kwa mzazi wa watoto wawili wa shule ileile, mwenye ujasiri kuliko mimi, na alinilipa vizuri.

Msichana hakulalamika. Aliendelea kuja saa mbili na wengine, akakaa safu ya nyuma iliyobaki. Aliuliza maswali kwa wiki moja hivi, nami nikamjibu kwamba muda umekwisha, kisha akaacha kuuliza. Nilijua nafanya nini. Sitaki mtu anisomaye anihurumie kwa kudhani kwamba sikujua.

Siku ya mtihani wa hesabu, walipotoka, alinifuata pale nilipokuwa nimesimama na walimu wenzangu. Alitaka kuniambia tu, kama mwanafunzi yeyote anavyotaka kumwambia mwalimu wake.

"Mwalimu, ile ya magari mawili imetoka."

"Umeifanyaje?"

"Nimeiacha."

Alisema bila kunilaumu. Aliongeza kwamba wale wa asubuhi wameiweza, akatabasamu kwa ajili yao. Nilimgeuzia mgongo nikajifanya nahesabu karatasi za mahudhurio.

Alikosa daraja la kwanza kwa alama moja. Masista walisikitika, lakini sharti ni sharti, na walimchukua mwingine. Aliingia sekondari ya kutwa ya serikali, akakaa mihula miwili, michango ikamshinda mama yake. Sasa ukipita Nateete utamwona barazani anatia vifungo na kukunja pindo, na anapiga hesabu ya vitambaa kichwani kabla mteja hajamaliza kusema.

Walimu wenzangu hupenda kubishana kuhusu shule za binafsi. Wanasema ada ni wizi mtupu, wanasema tumerogwa. Mimi nasikiliza tu. Mwalimu wa hesabu wa binti yangu nilisoma naye chuo kimoja. Hanizidi kitu, na kwenye mitihani nilikuwa namwazima daftari langu. Nilijiuliza siku nyingi ni nini basi ninacholipia, mpaka likizo moja nikafungua madaftari ya binti yangu nikaona. Yule jamaa anamaliza somo. Anaanza na mfano mwepesi, anakwenda hadi mgumu, watoto wote wameuandika. Hicho ndicho ninachonunua kwa bei ile yote, mtu wa kummalizia mwanangu somo, na ili nimpate imenibidi nisiwamalizie wengine tisini. Ukiniuliza kama ningemtoa binti yangu, jibu ninalo, ni hapana. Singemtoa. Wala sioni fahari kulisema.

Mwaka huu, wiki ya kwanza ya muhula, fundi alikuja tena shuleni wakati wa mapumziko. Amezeeka kidogo. Alikuwa amemshika mkono binti yake mdogo, aliyeingia darasa la saba. Alinisalimu kwa mikono miwili, akamwambia mtoto, "Huyu ndiye mama mwalimu alifundishaka dada yako. Musalimie." Mtoto akapiga goti.

"Safari hii sitasumbua na kushona," akasema. "Nguo ya shule ya watu wakubwa imenishinda. Nimetafuta franga. Huyu asome asubuhi tangu siku ya kwanza, asikose hata moja. Ni ngapi?"

Nilisimama pale na chaki mkononi. Ilikuwa rahisi kusema mtoto aje bure, na tangu usiku wa siku matokeo ya dada yake yalipotoka nilikuwa nimejiapiza kwamba nikipata nafasi nitalilipa deni lile. Hata nusu bei ingekuwa kitu. Lakini mtu hapunguziwi bei Kampala bila sababu. Angefurahi, angeshangaa, halafu angeniuliza kwa nini, kwa upole wake uleule, naye ni mtu wa kusubiri jibu mpaka lije.

Nikamtajia bei nzima. Akainama, akafungua fundo la kitenge chake.