Kufuli la Kinasa Sauti

Ukibonyeza kile kitufe cha mraba chini ya skrini ya simu ya mama, zinatokea kadi. Kila kadi ni kitu alichokuwa anakifanya kabla hajakiacha. Meseji za kikundi cha kwaya. Picha ya mshono wa gauni aliotaka kumwonyesha fundi cherehani. Kioo, maana alikuwa anatumia kamera ya mbele kujitazama kabla ya kutoka, hata akienda dukani kununua chumvi. Na pembeni kabisa kinasa sauti, kimesimama katikati ya kurekodi, mstari wake mwekundu umeganda kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Mama alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa letu, hapa Mbagala. Wanakwaya wenyewe hawana muda wa mazoezi, kila mtu na mishemishe zake, kwa hiyo anayeijua sauti anajirekodi, anairusha kwenye kikundi, na wenzake wanaishika huko huko waliko, mmoja akikaanga maandazi, mwingine akipanga nyanya gengeni. Asubuhi ile mama alikuwa anarekodi wimbo mpya chumbani. Simu ikaita, kinasa sauti kikajisimamisha chenyewe kupisha. Akapokea, akaongea, akacheka, akaiweka simu juu ya friji. Halafu akasema kichwa kinamgonga. Hospitali alienda bila simu, na hakurudi.

Basi, habari yenyewe ndiyo hiyo. Mie sikulia. Nilikuwa nakisubiri kilio kama unavyosubiri video kwenye mtandao mbovu, kile kiduara kinazunguka tu, nawe unaangalia. Shuleni mie ndiye ninayeigiza mwalimu wa fizikia akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Watu walipokuja msibani walikuwa wananiangalia usoni kama wanaosubiri kitu, sijui wanasubiri nilie au niigize. Sikuwa na chochote cha kuwapa.

Baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona ile kadi ya kinasa sauti. Yeye ni karani kwenye ghala la vifaa vya ujenzi Buguruni, mtu wa kuuliza kitu mara mbili. Akaniita ndani, turubai lilikuwa bado halijafungwa vizuri nje.

"Hebu njoo. Hii bado inarekodi?"

"Imesimama, baba. Haijaisha."

"Humu kuna sauti yake?"

"Imo."

"Imalize basi, uihifadhi."

Nikabonyeza. Simu ikajibu kwa maandishi mekundu kwamba nafasi imejaa, nifute vitu kwanza. Nikamwambia.

"Hakuna kufuta kitu chake," akasema. "Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Basi tutahamishia vitu vingine kwenye simu nyingine, ndiyo tuhifadhi."

"Tutafanya tukitulia."

Rekodi zake za nyuma hazikuwepo. Alikuwaga anazifuta akishazirusha, simu yake ndogo, na wanakwaya nao wakishashika wimbo wanafuta, kila mtu ana shida ya nafasi. Kwenye video za kwaya yumo, lakini amechanganyika na wamama wengine ishirini na kinanda. Mama akiimba peke yake alikuwa amebaki mahali pamoja tu, kwenye ile kadi, haijahifadhiwa.

Sasa shida ikawa kwamba simu yenyewe ndiyo yenye namba za kwaya nzima, za jumuiya, za wadogo zake walioko Njombe, kwa hiyo haikukaa kabatini. Ilizunguka msibani mikono kwa mikono kama jagi la kunawia. Na nyie mnajua watu wetu. Mtu akishika simu isiyo yake, kabla hajaongea lolote anabonyeza mraba na kufagia apu zote, paa, paa, paa, kwa kidole gumba, halafu anakuangalia kama amekufulia nguo. Ni heshima. Ni kama kufagia kibaraza cha mwenyeji.

Shangazi, dada yake baba, ndiye bingwa.

"Simu nzito hii, mmeyaacha madude yote wazi. Ngoja niifagie."

"Shikamoo shangazi. Usifagie."

"Marahaba. Kwa nini nisifagie? Yanakula chaji."

"Yakila tutayapa nyingine."

"Mtoto huyu, hata msibani?"

"Ni sauti ya mama hiyo ya pembeni, shangazi. Ukiifagia inapotea."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili kama chetezo. Lakini shangazi ni mmoja, na vidole gumba vilikuwa vimejaa turubai zima. Kwa hiyo nikafanya ujanja ninaoujua. Nikaishika ile kadi, nikaivuta chini kidogo, likatokea kufuli dogo juu yake. Ukishaifunga kadi na kufuli, mtu anaweza kufagia mpaka asubuhi, zinaondoka nyingine zote, yenyewe inabaki. Nikamwonyesha baba. Akafagia yeye mwenyewe ahakikishe. Mshono wa gauni ukaenda, kioo kikaenda. Kinasa sauti kikabaki, na kikufuli chake.

"Sawa," akasema. Ndilo neno pekee alilosema siku ile nzima bila mtu kumlazimisha.

Tukazika. Watu wakaitumia simu watakavyo. Mjomba alitaka kuitumia kurekodi video kaburini mwanzo mpaka mwisho, nafasi ilipokataa akairekodi kwenye simu yake, kisha akaomba ile ya mama ampigie bibi Njombe kwa video, maana bibi miguu haimruhusu kusafiri. Bibi akawa anaona msiba wa mwanawe kupitia simu ya mwanawe. Simu ikapata moto kama pasi. Mtu akawasha nyimbo za dini. Mtu akawasha redio humo humo. Mie kila baada ya muda nilikuwa naiomba, nabonyeza mraba, natazama. Mstari mwekundu upo. Kufuli lipo. Narudisha. Shangazi mwingine akaniambia nikasaidie kuosha sufuria, simu haikimbii. Nikaenda kuosha sufuria.

Turubai likashushwa, viti vikarudishwa, nyumba ikabaki na mie na baba na ndoo nyingi za watu ambazo hazikujulikana za nani. Jumamosi moja mchana baba akasema, "Nadhani sasa tumetulia."

Nikamwita rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Kwao ni hapa hapa, wazaliwa wa Mbagala toka babu wa babu, na simu yake aliletewa na kaka yake anayefanya kazi Muscat, ina nafasi kama uwanja wa mpira. Alifika amejitanda mtandio, akamwamkia baba, akakaa, hakuleta utani wake. Hilo ndilo lililoniumiza kidogo, kama kuna kitu kiliniuma wiki zile. Mie na yeye hatujawahi kukaa dakika tano bila kumteta mtu.

Tukaziweka simu mbili mezani, tukafungua ile apu ya kurushiana mafaili bila bando, zikatafutana, zikapatana. Baba akavuta kiti.

"Usiiache skrini izime," rafiki yangu akaniambia, "na usitoke humu kwenda apu nyingine. Hii simu ya mama ukiipa kazi mbili inaangusha moja."

"Kama mie na wali na fizikia."

"Wewe fizikia huiangushi, hujawahi kuishika."

Baba akatuangalia. Hakukasirika. Nadhani alikuwa anasikiliza tu kwamba kuna watu wanaongea.

Video za kwaya zikaanza kwenda. Zikafuata picha za maua zilizoandikwa asubuhi njema, mamia, mama alikuwa hatupi hata moja, aliyetumiwa baraka haifuti, ndivyo alivyosema. Baba anafuatilia namba zinavyopanda.

"Zikishafika huko, huku zinatoka?"

"Hazitoki, baba. Kurusha ni kunakili. Zinakuwa mbili. Za huku inabidi nizifute kwa mkono."

Nje muuza mboga alikuwa anapita na mchicha wake, akapita, akaisha.

"Kwa hiyo utafuta."

"Zile zilizokwisha kufika tu."

"Hakikisha kwanza."

Rafiki yangu akafungua moja kwenye simu yake. Wamama wakaanza kuimba mezani kwetu, safu ya mbele, safu ya nyuma, mama yangu, wa tatu kutoka kulia, akipiga makofi nyuma ya mpigo kama kawaida yake.

"Imefika, baba."

"Haya. Futa."

Nikafuta. Nilikuwa naona kidole changu kinavyobonyeza, kama kidole cha mtu mwingine kwenye video ya kufundishia. Nafasi ikapatikana. Nikabonyeza mraba. Kadi ile ipo, mstari upo, kufuli lipo.

Hapo sasa niseme kitu ambacho nilikuwa nakijua na sikutaka kukifikiria. Simu yenye kumbukumbu ndogo ni kama chumba cha kupanga. Wageni wakizidi, lazima mtu atoke nje. Ila simu ina unafiki wa adabu: inamtoa aliyekaa kimya muda mrefu, haimwambii mtu, halafu inaibandika picha yake mlangoni, ukipita udhani bado yumo ndani. Ile kadi unayoiona si apu. Ni picha ya apu ilivyokuwa mara ya mwisho. Kama apu yenyewe ipo nyuma ya picha au haipo, utajua siku utakayoigusa.

"Gusa," baba akasema.

Nikagusa. Skrini ikawa nyeupe. Ikaja alama ya maikrofoni katikati, ile inayokuja apu ikianza asubuhi. Halafu kitufe chekundu na sifuri zimepangwa, kinasubiri tuseme kitu.

Rafiki yangu akaangalia meza.

"Imeanza upya?" baba akauliza.

"Imeanza upya."

"Na kufuli?"

"Kufuli linazuia vidole vya watu, baba. Simu yenyewe halizuii. Ilielemewa, ikakizima kinasa sauti ipate kupumua. Labda tulipompigia bibi. Labda kabla."

"Lakini tulikuwa tunaiona kila siku."

"Tulikuwa tunaona picha."

Akaichukua simu, akabonyeza mraba, akaitazama kadi. Sasa kadi nayo ilikuwa na sifuri. Akairudisha mezani taratibu, skrini juu.

Rafiki yangu ndiye aliyesema tuangalie kwenye mafaili, labda kilikuwa kinaandika huku kinarekodi. Tukaingia kwenye makabrasha ya ndani ambayo mtu hafunguagi, majina yake marefu hayana maana. Likawepo. Faili moja, la asubuhi ile, jina lake limeisha na mkia wa ajabu. Baba akainuka nusu kwenye kiti. Nikaligusa. Simu ikasema faili hili haliwezi kufunguliwa. Nikaligusa tena, ikasema vilevile, haikubadilisha hata neno.

Jumatatu tulilipeleka kwa fundi simu Rangi Tatu, mie na baba, nikiwa na sare za shule. Fundi akaichomeka simu kwenye kompyuta yake, akahangaika na lile faili mpaka akaacha kuhudumia wateja wengine. Akavua kofia.

"Mzee wangu, nisikudanganye. Sauti imeingia humu. Ila hivi vinasa vya simu mpaka ubonyeze kumaliza ndiyo vinaandika hapa mwanzo, hapa mwisho. Hiki hakikumalizwa. Vitu vimo, ila mashine haijui pa kuanzia kusoma."

"Hakuna mwingine anayeweza?"

"Mie sijamwona. Ila msilifute. Pengine siku moja."

Baba akamshukuru. Tulirudi kwa miguu, barabara ya vumbi, yeye mbele. Nilikuwa na utani mmoja mzuri sana kuhusu kofia ya fundi. Ulikaa mdomoni mpaka tukafika nyumbani, ukapoa.

Jioni moja baadaye baba alikuwa amekaa barazani na simu yake, hii ya kwake aliyonunua juzijuzi na ambayo bado anaishika kwa ncha za vidole. Simu ya mama ipo ndani juu ya friji, kwenye chaji. Siku hizi ina nafasi tele, na haifagiliwi na mtu.

"Lile faili," akasema. "Nirushie."

"Halifunguki, baba."

"Najua. Nirushie."

Nikaitoa ya mama, nikakaa naye kwenye ngazi. Zikatafutana, zikapatana. Lilienda haraka, hata sikuwahi kuona namba zikipanda. Simu yake ikalia kidogo kwamba limepokelewa. Akaligusa. Akasoma ile sentensi mpaka mwisho, midomo ikicheza kama anavyosoma kila kitu.

"Lina ukubwa gani?"

"MB nne na kidogo."

"Kwa wimbo mmoja, hiyo ni kawaida?"

"Ni kawaida."

"Basi imo."

"Imo, baba. Haifunguki tu."

Akabonyeza kile kitufe cha mraba, akaishika kadi ya mafaili, akaivuta chini kidogo kama nilivyomwonyesha siku ile, mpaka kufuli likatokea. Nilitaka kumwambia kwamba faili halihitaji kufuli, faili limekaa palepale hata simu ikizimwa. Akaiweka mfukoni, akaniuliza kama maharage ya jana yamebaki. Nikasema yamebaki, nikaingia ndani kuyapasha.