Tano Iliyogeuka Tisa

Mzee Harsiesi wa Shmuni, mji ambao Wayunani wanauita mji wa Hermesi, aliandika vitabu kumi na vitatu maishani mwake, na jina lake halimo hata katika kimoja. Ndiyo desturi ya waandishi wa hekalu. Elimu yote ni ya mungu Thoti, ambaye Wayunani humwita Hermesi Mkuu Mara Tatu. Basi ukitunga jambo la maana unaliandika kwa jina lake, unakunja kitabu, unanyamaza. Baba yake alinyamaza, babu yake alinyamaza. Harsiesi naye hakulalamika mpaka alipotimiza miaka sitini na miwili, na hapo alilalamika kwa niaba ya wote watatu.

Kitabu kilichomponza kilieleza jinsi mtu anavyoisafisha roho yake hadi aione nuru. Alikiandika kwa Kiyunani, lugha ambayo hakuipenda hata kidogo. Alisema ina maneno mengi na pumzi haba. Wayunani huhesabu kwa herufi. Tano yao ni nusu duara yenye kistari katikati, na ukilifunga lile duara inakuwa tisa. Harsiesi alikusudia kuandika kwamba mwenye kutafuta nuru afunge siku tano kwa maji matupu. Kalamu ikateleza, duara likajifunga, na yeye, mwandishi wa miaka arobaini, asione. Mtu mzima ovyo!

Kitabu kikaangukia mikononi mwa Dioskoro, muuza mafuta tajiri, aliyekusanya watu kwake kila baada ya siku kumi wakasoma maneno ya Hermesi na kutokwa na machozi. Tausiri, binti pekee wa Harsiesi, akajiunga nao. Mzee alifurahi. Alikuwa akimsikia mwanawe jikoni akiyasema maneno aliyoyatunga yeye, tena kwa jasho, naye akijifanya hayajui.

Asubuhi moja jirani akamwambia mzee kwamba Tausiri yuko kwa Dioskoro siku ya sita, hajatia kitu kinywani, midomo imempasuka. Sita? Harsiesi alikwenda mbio na ndara moja mguuni. Akadai aonyeshwe kitabu. Akauona mwandiko wake mwenyewe, na lile duara.

"Hii ni tano," alisema. "Mwanangu, amka ule."

Tausiri alikuwa amelala mkekani, sauti imemkauka. "Ni tisa, Baba. Hermesi kasema tisa."

"Hermesi gani? Kitabu hiki nimekiandika mimi!"

Watu wakatazamana. Dioskoro akamshika bega, kwa ule upole unaokera kuliko tusi, akaeleza kwamba wazee wa hekalu mara nyingi hupitiwa namna hiyo. Mtu akinakili vitabu vya mungu miaka nenda miaka rudi, mwisho anadhani ni vyake. Harsiesi akaanza kukighani kitabu kwa moyo, tangu mwanzo, ili waamini. Wakamsifu kwa kuhifadhi vizuri. Jamani, mtu utajitetea vipi kwa watu wa aina hii?

"Mzee wangu, maneno haya yana miaka elfu tatu," Dioskoro alisema. "Wewe una mingapi?"

Wakacheka. Akaomba kalamu asahihishe, wakamfichia kitabu. Akambembeleza binti yake, naye akageukia ukutani kwa aibu ya kuwa na baba kama huyo.

Harsiesi alirudi nyumbani anatokota. Akawalaani Wayunani na herufi zao, akailaani desturi, akalilaani shingo nene la Dioskoro, kisha akaketi afanye jambo pekee lililobaki. Alikata kipande kitupu cha mafunjo kutoka mwisho wa kitabu cha babu yake, akaandika: "Mimi Hermesi nasema, watakuja watakaosoma tisa pale niliposema tano, na watajidhulumu." Akakipitisha kwenye moshi wa jiko, akakisugua vumbi. Kesho yake alfajiri akakipeleka, akasema amekikuta ndani ya mtungi hekaluni.

Dioskoro alikipokea kwa mikono miwili, akakibusu, akalia. Hakuna aliyeuliza hata swali moja. Tausiri akakalishwa, ukaletwa uji wa shayiri, na baba yake akamlisha kijiko kwa kijiko, kwa furaha na hasira pamoja.

Alipopata nguvu ya kusema, binti alimtazama kwa huruma. "Umeona, Baba? Hermesi mwenyewe kaniokoa. Na wewe jana ulijifanya ndiye yeye, mbele za watu."

"Nilisema nimekiandika tu."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Muombe radhi. Sili kijiko kingine mpaka umuombe."

Bakuli lilikuwa bado nusu. Harsiesi akapiga magoti mbele ya kile kipande cha mafunjo, ambacho kilikuwa bado kinanuka moshi wa jiko lake, akamuomba radhi aliyekiandika. Tausiri akafungua kinywa.