Binti Yangu na Mishipa ya Kichwa Changu

Nitajisifu, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Binti yangu wa mwisho anasomea mishipa ya damu ya ubongo, hapa hapa Lubumbashi, na mimi ninayewaambia hayo ni mtu niliyemcheka.

Nilitoka Butembo na lori moja la maharagwe. Leo nina depo ya jumla na malori matatu, na nilitaka mtoto wa kunisaidia kazi. Yeye akaniletea habari za vipokezi.

"Papa, mu kichwa kuko mishipa midogo kupita nywele. Kuko seli zinaikumbatia, na juu ya zile seli njo kuko bipokezi. Damu ikizibwa, mwili unatuma vichocheo vya ukuaji. Kipokezi kikikamata kichocheo, seli inaambiwa: usikufe, usiachilie. Pasipo ile, mushipa unavuja, ubongo unavimba."

"Na hivyo vipokezi vyako vinauzwa soko gani?" nikamuuliza.

Nikikumbuka leo naona haya kabisa.

Jumapili moja tulikuwa mezani, nyumbani Bel-Air, tumetoka kanisani. Nikanyoosha mkono wa kuume nimege bukari, ugali wetu, mkono ukakataa. Nikataka kusema, mdomo ukaenda upande. Nilisikia kila kitu na sikuweza kutoa hata neno. Niliogopa, jamani. Mtu mzima na ndevu zangu, niliogopa kama mtoto.

Dada yangu akapiga kelele: "Mumupe maji!" Kisha akakumbusha sheria ya familia yetu: mwenye nyumba hapelekwi hospitali mpaka yaya wake, yaani kaka yake mkubwa aliye mkuu wa ukoo, afike, amwone na akubali. Yaya wangu anakaa Kipushi, mji mwingine. Na sheria hiyo nani alikuwa akiilinda kwa ukali? Mimi! Mwaka uliotangulia nilimfokea mpwa wangu mbele ya watu kwa sababu aliivunja. Sasa ilikuwa inanikaba shingo, na mdomo wa kuifuta sina.

"Yaya iko mu njia," dada akasema. "Tunamungojea."

Binti yangu alikuwa ameshampokonya shangazi yake kikombe cha maji. "Maji apana, Tantine, itaingia mu mapafu. Na kungojea apana. Kila dakika ubongo wa Papa unakufa."

"Weye mutoto! Unashinda bakubwa?"

"Leo nabashinda. Kesho mutanipiga."

Akamwita dereva wa depo, wakanibeba kama gunia, tukaenda. Hospitali wakapiga picha ya kichwa, wakaona donge la damu limeziba mshipa, wakanichoma dawa ya kuliyeyusha. Daktari alisema tumefika kwa wakati.

Binti akakaa karibu na kitanda, akishika mkono wangu uliolala. Nadhani aliona swali machoni mwangu, maana alicheka kidogo.

"Apana, Papa, sitasema ni bipokezi ndiyo bilikuokoa. Pengine bilishikilia mushipa kidogo, tukapata muda wa kufika. Dawa ya kubisaidia bado tunaitafuta."

Angeweza kujivuna mbele ya baba aliyemdharau. Hakujivuna. Moyo wangu ulijaa, nikalia kwa jicho moja.

Yaya alifika jioni. Gurudumu lake lilikuwa limepasuka njiani. Tungemngojea, ningekuwa mtu mwingine, au maiti. Lakini yeye alikuwa amekuta sahani mezani na nyumba tupu, na alikuja amewaka. Alisimama mlangoni, dada yangu nyuma yake.

"Nani alitoa ruhusa?"

Dada akamtazama binti yangu. Katika familia yetu, anayempita yaya hafungui kinywa tena kwenye kikao mpaka yaya mwenyewe amsamehe, na yaya wangu hasamehi haraka. Binti akaachia mkono wangu, akasimama ili akiri.

Nikavuta pumzi. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Nikausukuma, ukagoma, nikausukuma tena, mate yakinitoka.

"Miye," nikasema.

Yaya akainama. "Unasema nini?"

"Miye. Nilimutuma."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza tangu mezani, na yalikuwa uongo mtupu. Yaya akanitazama sana, kisha akavuta kiti, akamwambia binti yangu akae yeye kwanza. Kwetu huo ni msamaha.