Sindano Nilizozificha

Ilianza Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi. Saa ninaijua kwa sababu niliiandika palepale kwenye kaunta buku langu, kama polisi anavyoandika tukio: "Sindano tatu hazipo."

Zilikuwa sindano za gramafoni ya babu. Babu mzaa mama, ambaye tunaishi naye hapa Chang'ombe ya Dodoma, ana santuri arobaini na moja za jazi ya zamani kabisa, ile ya watu weusi wa New Orleans, ya tarumbeta, klarineti, tromboni na banjo, wote wakipiga kwa pamoja na kila mmoja na maneno yake. Alizikusanya miaka akiwa fundi wa reli. Nyingine aliachiwa na mzungu aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Nyingine alizikuta kwenye stoo ya kanisa kule kwao Iringa, zinafunikia mitungi. Moja aliibadilisha na koti lake la kazi, na bibi, kabla hajafariki, alikuwa anamkumbusha hilo koti kila kipupwe. Karatasi za katikati zimefutika, kwa hiyo majina tumezipa wenyewe: Ya Kuku, Ya Mlevi, Ya Mama Mkwe. Kipenzi cha babu ni Ya Mazishi. Inaanza polepole, bendi inampeleka marehemu makaburini, tromboni inaburuta miguu kabisa. Halafu wakishamzika ngoma inabadilika, wanarudi mjini wanacheza.

Gramafoni yenyewe haitumii umeme. Unazungusha hendeli, unafunga sindano ya chuma, unapiga upande mmoja, unaitoa sindano. Upande mmoja, sindano moja. Ukiirudia inakuwa imeshalika, inageuka jembe, inalima santuri. Sindano mpya zinakaa kwenye kopo la dawa ya viatu, zilizotumika zinaingia kwenye kikombe cha bati ambacho babu anakiita mochwari. Mpya zinatoka kwa muuza vitu vya kale mmoja wa Dar na kuzingoja ni miezi. Ndiyo maana babu alinipa kazi ya kuzitunza. Jumapili tuliacha thelathini na nne. Jumamosi ile nikahesabu mara tatu, thelathini na moja.

Niseme ukweli, mimi sina mambo mengi. Niko kidato cha tatu, siongei sana. Darasani ukisema unasikiliza jazi watakuuliza ndo nini, ukieleza watacheka, na mimi nikichekwa mara moja nanyamaza muhula mzima. Zile santuri zilikuwa kitu pekee nilichokijua ambacho wenzangu hawakijui. Nilikuwa nimeandika kila moja kwenye kaunta buku: klarineti inaingia wapi, nani anakohoa katikati. Kwa hiyo nilipoona sindano zimepungua sikuwaza sindano. Niliwaza kuna mtu ameingia kwangu.

Sikumwambia babu. Nikaanza kuchunguza.

Kwanza kifuniko. Hapa Dodoma ukifuta meza asubuhi, mchana unaweza kuandika jina lako juu yake. Dada wetu wa kazi anafuta kila kitu sebuleni isipokuwa gramafoni, kwa sababu mama alishamkataza kuigusa. Kwa hiyo siku ya kawaida kifuniko kinakuwa na vumbi. Jumatatu nilirudi kutoka shule nikapitisha kidole. Safi. Mtu kafungua, na kafuta ili isijulikane kafungua.

Nyumbani tuko wanne. Mama anatoka alfajiri kwenda Mtumba, wizarani, anarudi jua limezama. Babu mchana anakwenda kucheza bao na wastaafu wenzake wa reli. Mimi shuleni. Anabaki dada.

Dada anatoka kijiji kimoja karibu na Mtera, ni Mgogo, amenizidi miaka mitano. Mchana akimaliza kazi anakwenda kusomea ushonaji mtaa wa pili. Mama alimruhusu, na ilikuwa imebaki miezi miwili apate cheti. Alikuwa na mpango wa kurudi kwao na cherehani. Yeye na babu, ambaye ni Mhehe, kabila linalotaniwa kwamba linakula mbwa, ni watani, na asubuhi zetu zote zilianza hivi:

"Shikamoo Mhehe. Mbwa wa jirani haonekani tangu jana, umeamkaje?"

"Nimeamka nimeshiba. Wewe Mgogo umepika nini, mlenda tena?"

"Kwani wewe una meno ya kula kingine?"

Babu anacheka mpaka anashika kifua. Zamani na mimi nilikuwa nacheka. Wiki ile nilikuwa nawasikiliza kama mtu anayesikiliza kesi. Nikawaza, huyu anamchekesha babu ili asimtilie shaka.

Jumatano nikiwa naandika uani, dada anaosha vyombo, nikasikia anaguna wimbo. Siyo wa kanisani, siyo wa redioni. Ilikuwa sehemu ya tromboni ya Ya Mazishi, ile ya kuburuta miguu, noti kwa noti. Yaani sehemu yangu, niliyoichora kwenye kaunta buku kwa mistari, ilikuwa inatoka mdomoni kwa mtu mwenye mapovu mikononi.

"Dada, huo wimbo gani?"

"Upi?"

"Huo."

"Aa, unapita tu kichwani," akasema, akageuza sufuria.

Mtu mwingine angemuuliza zaidi. Mimi nikaingia ndani nikaandika: "Amekana."

Kesho yake nikafanya jambo ambalo niliona ni la akili. Nilichukua kopo la sindano mpya nikalitia kwenye mkoba wangu wa shule. Siku babu anataka kusikiliza, ambayo ni Jumamosi na Jumapili tu, nitalirudisha mezani kabla hajaketi. Katikati ya wiki mwizi atakosa sindano. Atahangaika, ataniuliza, na akiniuliza tu nimemkamata. Nilikwenda shule kopo linalia kwenye mkoba kila nikipiga hatua, nikajiona mtu mkubwa.

Hakuniuliza. Wiki ikapita. Alhamisi ya wiki ya pili nikafungua gramafoni nikakuta sindano imefungwa. Nikaisogeza karibu na jicho. Ncha ilikuwa butu, inang'aa upande mmoja. Ilitoka mochwari.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika bila kujificha. Nilielewa papo hapo maana yake. Nilijua sindano ile inalima. Ningeweza kwenda jikoni nikasema, "Dada, usitumie hizi, zinaharibu." Maneno manne. Badala yake nikaifunga tena ilivyokuwa, nikafunga kifuniko. Nilitaka babu mwenyewe aikute. Nilitaka aone kwa macho yake ni nani anayeipenda kweli ile jazi na ni nani anayeichezea.

Jumamosi ikafika. Kabla babu hajatoka chumbani nikaitoa ile mbovu, nikarudisha kopo mezani. Babu akaketi, akafunga sindano mpya, akaomba Ya Mazishi. Nikazungusha hendeli.

Ilitoka sauti ya mafuta yanayokaanga. Nyuma yake kwa mbali bendi, kama watu wanaopiga muziki ndani ya gunia. Babu hakuinuka. Alingoja, nadhani alifikiri itapita. Pale tromboni ilipotakiwa kuingia hakikuingia kitu, palikuwa na mkwaruzo tu. Akanyoosha mkono akainua kichwa cha gramafoni. Akaipeleka santuri dirishani akaiinamisha kwenye mwanga. Weusi wote wa pembeni ulikuwa umegeuka kijivu.

"Mke wangu," akaniambia, hivyo ndivyo anavyoniita tangu nimezaliwa, "nani kaila hii?"

Nikatazama mlango wa jikoni. Mama alikuwepo, akayafuata macho yangu.

"Dada!" mama akaita. "Njoo hapa. Umegusa gramafoni ya babu?"

Dada akaja anajifuta mikono kwenye kanga. Akaiona santuri mikononi mwa babu.

"Nimegusa, mama."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Si nilikukataza? Si nilikwambia hata vumbi liache?"

"Ulinikataza, mama."

Nilitegemea atabisha. Nilikuwa nimejiandaa na kaunta buku langu lote la ushahidi, tarehe na saa, na hakuna aliyeliomba. Mama akasema kesho asubuhi, kabla ya kanisani, atampandisha basi la Iringa limshushe Mtera. Akasema hawezi kuondoka na kumwachia nyumba nzima mtu anayevunja katazo na kukubali hivyo kirahisi. Dada akamgeukia babu. Nadhani alikuwa anangoja utani, hata tusi moja la Kihehe. Babu akaiweka santuri kwenye ganda lake, akaingia chumbani akafunga mlango.

Mchana nikamfuata dada chumbani kwake. Alikuwa anakunja vitambaa vyake vya mazoezi, vishati vya mtoto visivyo na vifungo.

"Kwa nini hukuomba tu?" nikamuuliza.

"Nimwombe nani? Wewe?" Akacheka kidogo, siyo kwa furaha. "Wewe mtoto ulianza kuninusanusa kama fisi wiki mbili hizi. Ukipita sebuleni unapitisha kidole."

"Uliiba sindano tatu."

"Sikuiba, nilitumia. Upande mmoja, sindano moja, natupa kikombeni. Kama ninavyomwona babu. Baada ya siku kadhaa nikakuta kopo halipo, kikombe kipo. Nikasema basi, mpya zimeisha, mzee sasa anatumia hizi." Akanitazama. "Kwani zilikwenda wapi?"

"Kwenye mkoba wangu."

Akaacha kukunja.

"Shuleni?"

"Ndiyo."

"Ulikwenda nazo shuleni," akasema polepole. "Kufanya nini? Kuwashonea walimu?"

Nikamuuliza kwa nini Ya Mazishi na siyo nyingine, maana Ya Kuku ndiyo inachekesha. Akasema kwao wakiimba hakuna anayemwachia mwenzake. Huyu anakwenda juu, huyu anabaki chini, huyu anaingilia katikati, na ukisikia kwa mara ya kwanza utafikiri wanagombana, kumbe wanapendana. Tangu aje mjini alikuwa hajasikia watu wakiimba hivyo, mpaka siku moja anamenya vitunguu babu akaweka hiyo santuri. "Nikasema, he, hawa nao wana kwao."

Mimi nilikuwa na kurasa tatu juu ya santuri hiyo na sikuwa nimeandika kitu kama hicho. Iliniuma. Nikatoka bila kumwambia habari ya Alhamisi.

Jioni mama alipika mwenyewe. Hakuna aliyemtania mwenzake mezani. Nilijiambia kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua kamwe, na hiyo ilikuwa kweli kabisa. Mama asingepekua mkoba wangu. Babu angeendelea kuniita mke wangu. Dada angefika kwao bila cheti, na mkeka wake ungepewa dada mwingine.

Asubuhi ya Jumapili begi lake lilikuwa mlangoni, na juu yake mfuko wa vitambaa. Mama alikuwa amevaa gauni la kanisani, anatafuta funguo. Babu alikuwa kwenye kiti chake, hajagusa chai. Nikasimama katikati ya sebule.

"Mama, sindano nilizificha mimi."

"Sikusikii, sema vizuri, tunachelewa."

Nikasema tena kwa sauti, sauti ambayo sikuijua. Nikasema yote: kopo, mkoba, na kwamba Alhamisi niliikuta ile butu, nikajua inaharibu, nikaiacha makusudi ili dada akamatwe. Nilipofika kwenye "makusudi" nilikuwa nalia lakini nikamaliza.

Mama akamtazama dada. "Na wewe jana hukujitetea kwa nini?"

"Ningesema nini, mama? Nilikatazwa, nikagusa."

Babu akakohoa. "Mwanangu, ukimpeleka huyu Mtera mimi nitamtukana nani? Nitukane ukuta?"

"Baba, huu siyo utani. Kaharibu mali ya watu."

"Mali yangu. Na aliyeiharibu ni mtani wangu, mtani akila chako unamdai wapi?" Akamwelekezea dada kidole. "Mgogo, umenilia santuri. Ungesema una njaa ningekupa sahani."

"Nilikuogopa Mhehe, ungenipa na mkia wa mbwa," dada akasema.

Mama akashusha pumzi, akaketi na mkoba wake mapajani. Akasema dada amalize cheti chake, mambo ya kugusa vitu yataongelewa wakirudi kutoka kanisani. Nikafikiri yameisha.

Babu akanigeukia mimi. Akaniita kwa jina langu, jina la shuleni, ambalo sijawahi kulisikia mdomoni mwake.

"Yeye hakujua," akasema. "Wewe ulijua."

Akavuta kikombe cha chai akaanza kunywa, macho dirishani. Nilingoja aseme lingine, hata kali. Nikaenda mlangoni, nikabeba begi la dada kwa mkono mmoja na mfuko wa vitambaa kwa mwingine, nikavirudisha chumbani kwake, nikaanza kutoa nguo moja moja na kuzipanga kwenye rafu.