Boriti Fupi za Barabara ya Komanda

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya sabini, mwanangu, nilipojikuta nimesimama juu ya daraja la mbao, lori likinguruma mbele ya kifua changu, mdomo umekauka kama unga wa muhogo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ngoja nikueleze nilifikaje pale, maana sikufika kwa ushujaa.

Nilikuwa mchoraji wa pulani, yaani michoro ya ujenzi, katika ofisi moja ya barabara hapa Bunia, mwanamke pekee kati ya wanaume. Nilijivuna, sikufichi. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Muzee Ukelo, mtu wa Mahagi. Ujana wake wote aliumalizia kwenye reli, zama za Wabelgiji. Alianza kwa kubeba mnyororo wa kupimia nyuma ya injinia Mzungu, akajifunza kwa macho na kwa masikio, hata madaraja ya reli yakawa yanajengwa kwa hesabu zake, ingawa jina lililoandikwa chini ya pulani lilikuwa la mwingine. Baada ya uhuru ndipo watu walipoanza kumwita injinia.

Tukapewa kazi ya kujenga upya daraja moja, au kilalo kama tusemavyo huku, kwenye barabara ya Komanda, ukishapita Irumu. Pulani ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa, nikaambiwa niinakili. Penye urefu wa boriti, yale magogo makubwa yanayobeba daraja, tarakimu ilikuwa imefifia. Nikaandika mita nane na nusu. Muzee akashikwa na malaria, akalala wiki mbili. Mafundi wakakata miti kwa vipimo vya karatasi yangu, wakaiweka, wakaifunika kwa mbao na udongo.

Jumatano, nikiirudisha ile pulani ya zamani kabatini, mwanga wa dirisha ukaipiga kwa nyuma. Haikuwa nane. Ilikuwa tisa.

Mita moja, mwanangu. Maana yake vichwa vya boriti vilishika ukingo wa kuta za mawe kwa upana wa kiganja tu, kila upande. Mwenye akili angekimbia kusema pale pale. Mimi nilikunja karatasi. Nikajiambia, mafundi wangeona. Nikajiambia, Muzee anaumwa, nisimsumbue. Nikajiambia, wanaume wa ofisi watacheka, watasema ndiyo faida ya kumpa mwanamke kalamu. Alhamisi ikapita. Ijumaa mvua ikanyesha mchana kutwa, nami kila nilipoisikia juu ya mabati nilijua maji yanapanda kwenye zile kuta. Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hiyo niliijua tangu utoto, lakini kuijua methali si kuitii.

Jumamosi ikawa siku ya ufunguzi. Mkubwa mmoja wa serikali alikuja, ngoma zikapigwa. Muzee Ukelo naye alikuja, amekonda, macho ya manjano. Lori la kwanza lilitoka soko la Komanda na magunia ya maharage, na juu ya magunia wamekaa akina mama, wengine na watoto mgongoni. Mmoja wao akanipungia mkono. Simjui hata leo. Mkono ule ndio ulionivunja.

Lori likaanza kusogea. Nikakimbia mbele yake.

"Usipite! Boriti iko mufupi! Ni mi niliandika mubaya!"

Ngoma zikanyamaza. Dereva alikanyaga breki, gurudumu la mbele limeshapanda ubao wa kwanza. Chini ya miguu yangu nikasikia mti ukisuguana na jiwe.

"Citoyenne," akafoka yule mkubwa, maana wakati ule ndivyo wanawake tulivyoitwa, raia kwa Kifaransa, "weye iko na akili kweli? Toka mu njia!"

Sikutoka. Si kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa namwangalia tu yule mama aliyenipungia mkono. Muzee Ukelo alishuka ukingoni akishikilia majani, akaingia chini ya daraja, maji yakimfika mapajani, mgonjwa yule. Tukangoja. Juu ya lori mtoto mmoja alikuwa akilia, na hakuna aliyembembeleza. Muzee alipopanda tena, mkononi alishika jiwe alilolichomoa ukutani kwa vidole vyake tu.

"Mama zangu, mushuke pole pole," akasema. "Dereva, ukirudi nyuma, usikaze moto, enda pole pole." Kisha akamgeukia mkubwa. "Huyu mutoto anasema kweli. Lakini kazi ni yangu. Mi ndo nilipashwa kupima, na sikupima. Andika jina yangu."

Nikafungua mdomo nipinge. Akaniangalia, nikaufunga. Siku ile ile akaachishwa kazi.

Tulirudi Bunia nyuma ya gari la ofisi, yeye na mimi, tukiwa tumekalia kamba. Tulipokaribia mji ndipo aliponiuliza, "Uliona lini?"

"Leo ni siku tatu, Muzee."

Akatikisa kichwa. "Kukosea, kila mutu anakosea. Ile ya nane na tisa nilishakusamehe kulekule chini ya kilalo. Lakini hizi siku tatu, Apio? Mi pia nilinyamaza, kule kwa reli. Niliona maji imekula udongo chini ya chuma. Niliogopa Muzungu atanitukana, nikasema, nitamwambia kesho. Yangu ilikuwa siku moja tu. Treni ilipita mbele ya ile kesho kufika. Tulitoa watu mu mabogi mpaka jua kuzama. Kila kilalo nilijenga kisha pale, ni wale nilikuwa najengea."

Boriti mpya ziliwekwa, za mita tisa na nusu. Muzee hakuitwa tena. Nilikwenda ofisini kusema kosa lilikuwa langu. Wakaniambia mambo yameisha, nikae nichore. Mwaka uliofuata nilimpelekea kuku kwake Mahagi, kumwomba msamaha. Akaagiza achinjwe, akanilazimisha nile naye sahani moja, na habari za daraja hakuzigusa. Nilikula nikilia.

Basi sikia, mwanangu. Ukikosea kazini, au nyumbani, au kwa mtu unayempenda, liseme kosa likiwa bado dogo, likiwa bado lako peke yako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine utaujenga juu ya watu. Aibu huumiza, najua, lakini aibu hupona. Na ukiona mtu mzima amebeba kosa lako, usilihesabu kuwa bahati. Ni deni la kuishi vizuri.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri na moyo usioogopa kuchekwa. Njia zako zote zishike penye jiwe imara, na wanaopita juu ya kazi ya mikono yako wafike kwao salama.