Picha ya Saa Nne

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na mimi fundi kompyuta wa ofisi ndogo ya wapima ardhi hapa Babati. Nilikuwa na kiburi cha kijinga. Wenzangu niliwacheka kwa kuingiza saa za Kiswahili kwenye kompyuta: kwetu ni saa mbili asubuhi, yenyewe inaandika nane. Sijui niliwaambia mara ngapi kwamba mashine haijui saa zao.

Asubuhi moja akaingia mama mjane wa Nakwa. Jana yake alikuwa ameleta hati ya kiwanja yenye sahihi ya marehemu mumewe, karani wetu akaiskani na kumrudishia. Jioni shemeji yake, aliyekitaka kiwanja, akaitia kwenye moto wa jikoni, ikaungua huku mama anaiangalia. Hata hivyo mama alikuja kwetu hana wasiwasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile ya kwenye mashine si mnayo?"

Nikafungua folda. Tupu. Nikampigia karani, aliyekuwa safarini. Kumbe jana alikuwa akisafisha mafaili ya majaribio, akafuta na lisilostahili.

"Niliskani saa tatu na nusu," akasema, "nikafuta saa tano kasoro. Tafuta picha ya saa nne, itakuwa nayo."

Seva yetu ilijipiga picha kila saa, yaani ilihifadhi mafaili yote yalivyokuwa dakika ile. Ilitunza picha ishirini na nne tu. Mpya ikiingia, kongwe inafutwa, labda uwe umeifunga isifutike. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Muda nilikuwa nao.

Ila picha zilikataa kufunguka. Orodha naiona, nikigusa naambiwa sina ruhusa. Nikasema ngoja kwanza niifunge ya saa nne isije ikafutwa, ndipo nihangaike na mengine. Nikaifunga iliyoandikwa 04:00.

Nikashusha pumzi, nikaanza kazi. Umeme ulikuwa umekatika dakika chache usiku, na seva ilipowaka, ruhusa zote zilirudi kwa fundi aliyenitangulia, mtu aliyekwisha kuhama. Ilinibidi nizirudishe moja moja. Mama alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, ananipa pole.

Hatimaye ikafunguka. Haikuwa na kitu. Nikaitazama tena ile 04:00, ndipo nikaelewa: saa kumi alfajiri ya siku ileile, ofisi ina giza, hati imeshafutwa zamani. Nikainua macho ukutani. Saa nne na dakika sita. Ile ya jana iliyoandikwa 10:00 ilikuwa imekwenda, na hakuna aliyeifuta ila mimi kwa kutoifunga.

"Mashine imekataa, mama," nikamwambia.

Baraza la ardhi lilimpa shemeji kiwanja. Mama alihamia chumba cha kupanga Maisaka, akaanza kuuza samaki sokoni. Mimi mpaka leo ikikaribia saa nne asubuhi siwezi kushika kazi. Najua aibu ni nini.

Nikipita sokoni, mama huwaambia wateja wake, "Huyu mwanangu alinipigania siku ile mpaka shati likalowa." Kila nikijikaza nimwambie ukweli, ananiongezea perege mmoja, na mimi nampokea.