Reale ya Marekani Niliyoisugua

Nakumbuka siku moja Matrah, bandari ya Maskati, mwanangu, mwaka wa tatu tokea nije kutoka Unguja, nilipochukua ukwaju na majivu nikaisugua sarafu iliyokuwa imlete mama yangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nikijiona najua kila kitu.

Nikikaa kwa ami yangu, ndugu wa marehemu baba. Mama alibaki Unguja akimuuguza bibi, na bibi alipofariki akawa peke yake kule, na nauli ya kumleta hatuna. Maskati ya wakati ule si hii yenu ya mitaa mipya ya Bawshar, mtu anabonyeza kidude nyumba nzima baridi. Sisi tukilala juu ya dari, kwenye upepo, na maji tukiteka kisimani, tena kisima chenyewe cha chumvi... lakini nnatoka nje ya njia.

Ami alikuwa na reale tano za fedha za Marekani. Babu yake alizipata kwa Wamarekani waliokuja Unguja na merikebu kutafuta karafuu na sandarusi, ule utomvu wa kutengenezea vanishi, hao hao waliotuletea kitambaa cha merikani. Kila Ijumaa akizitandaza juu ya leso, akizishika kwa ukingo tu, na kunisomesha. Mimi chuo cha Kurani nilikiacha juzuu ya tatu, lakini reale nilizijua.

"Huyu mwanamke mwenye nywele ndio uhuru wao," akinambia. "Na huyu tai, mtazame alivyokonda, kama kuku wa jirani. Hii ndiyo kongwe. Walipotajirika wakamnenepesha."

Hiyo ya tai mwembamba ilikuwa nyeusi, na ukiigeuza juani weusi wake unang'ara buluu kama shingo ya njiwa. Mhindi mmoja wa Matrah, mkusanyaji wa sarafu za kale, aliahidi kuja kuitazama baada ya alasiri. Ami alisema hiyo moja peke yake itatosha nauli ya mama.

Asubuhi ami katoka kwenda kununua samaki. Mimi nikaitazama ile reale, nikaona haya. Mgeni aoneshwe kitu kichafu? Kwetu sinia za shaba zikikaribia Idi tunazisugua mpaka ujione meno. Nikakaa uani nikasugua, huku naimba, namfikiria mama anashuka bandarini. Ikatoka nyeupe pe!

Mhindi akaja. Ami akafungua leso. Mgeni akaichukua, akaipeleka dirishani, akairudisha polepole.

"Shekhe, nani kaiosha?"

"Mimi," nikasema, nangoja kusifiwa.

"Umeiosha vizuri sana, binti yangu. Sasa mpelekee sonara, atakupa bei ya uzito wake. Mimi nilikuja kununua miaka iliyokuwa ndani ya ule weusi, na miaka umeimwaga uani."

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Nililia mpaka buibui likarowa. Ami hakunipigia kelele. Alisema, "Basi, mwanangu. Wewe hukuniuliza, na mimi sikukwambia. Kosa letu sote." Kisha akamsogezea Mhindi zile nne zilizobaki. "Hizi hazijaogeshwa. Chukua."

"Zote? Utabaki na nini, shekhe?"

"Nitabaki na shemegi yangu nyumbani, na huyu ataacha kulia."

Ile niliyoisugua ikaenda kwa sonara kutimiza nauli, na mama akafika kabla ya Ramadhani. Na Ijumaa iliyofuata, ami alikaa pale pale pake, hana cha kutandaza, akamhadithia mama habari za tai waliokonda na walionenepa, kwa kichwa tu, na mikono yake ikienda kana kwamba bado anazishika.

Basi mwanangu, ukirithi kitu cha kale, usikimbilie kukisafisha. Kishike kwa ukingo, muulize anayekijua kimetoka wapi na kimepita mikono ya nani, kwani bei yake mara nyingi imo ndani ya kile unachokiona uchafu. Na ukitaka kumfurahisha mtu, muulize kwanza kinachomfurahisha. Mimi nilisugua kwa mapenzi, na mapenzi yale yalimgharimu ami kila alichokipenda. Na wewe ukija kuwa mkubwa wa nyumba, mtoto akikuharibia, mtazame yeye kabla ya kukitazama kitu.

Mungu akupe mkono mpole na moyo wa kuuliza, na siku utakayokosea akujaalie mtu wa kukukosoa bila ya kukuvunja. Amin.